Kasri la Lwiro: Kutoka Goma hadi Nyumba Iliyosikiliza Volkano

Anayetafuta makasri ya kale Afrika Mashariki huelekezwa pwani: Ngome ya Yesu ya Mombasa, ambayo Wareno walianza kuijenga mwaka 1593, au magofu ya Maruhubi kule Unguja, yaliyoachwa na Sultani Barghash. Sisi wa Goma hatuna bahari, na mji wetu ni mchanga. Hata kilichojengwa juzi hakina hakika ya kudumu, maana Nyiragongo ilitiririsha moto wake Januari 1977, ikarudi Januari 2002 na kuzika sehemu kubwa ya katikati ya mji, kisha ikaja tena Mei 2021. Hata hivyo tuna mwambao wetu. Ukilifuata Ziwa Kivu kutoka Goma kwenda kusini, utaona kwamba karibu kila rasi nzuri ilikwisha kupata mwenyewe tangu enzi za Wabelgiji. Walianza masetla wa kahawa, mapadri na maofisa wa serikali. Baada ya uhuru wakafuata wakubwa wa Zaire, akiwemo Mobutu mwenyewe, aliyekuwa na makazi ya kifahari ukingoni hapahapa Goma. Pita mtaa wa Himbi kwa boti asubuhi uone: kuta ndefu za mawe meusi ya volkano, mapaa yaliyojificha nyuma ya miti, na bustani zinazoshuka kwa ngazi mpaka majini.

Majumba hayo nimeyatazama tangu utoto, mengi kwa nje tu. Lile nililotamani kuingia liko mbali nayo, juu ya vilima vya Kabare, Kivu Kusini. Ni Lwiro.

Nia ya kwenda huko niliipata nikiwa mkimbizi. Jumamosi jioni, tarehe 22 Mei 2021, mbingu ya Goma iligeuka nyekundu, na tukatoka majumbani kama watu wote, kila mmoja na alichoweza kubeba. Lava ilisimama Buhene, ukingoni mwa mji, karibu na uwanja wa ndege. Ardhi haikutulia. Nyufa zilitokea barabarani, nyumba zikatikisika usiku na mchana, na tarehe 27 gavana wa kijeshi akaamuru kata 10 zihame. Mamia ya maelfu ya watu wakamiminika kwenda Sake, Rutshuru, Gisenyi na Bukavu. Mimi nililala Sake, kwenye baraza ya shule, na kila aliyelala pale alikuwa akiuliza: nani anausikiliza huu mlima? Mwalimu mmoja mzee wa sayansi, aliyetandika kitenge chake karibu na chetu, ndiye aliyenijibu. Akanieleza kwamba Goma ina kituo cha kuchunguza volkano, OVG, kilichoanzishwa mwaka 1986, na kwamba mama wa kituo hicho ni Lwiro. "Kabla ya Goma kuwa na sikio lake, mama, mlima ulikuwa unasikilizwa kutoka ng'ambo ya ziwa, katika jumba moja lenye bustani."

Nilipopata nafasi nikaenda. Wenye haraka hupanda boti za mwendo kasi, ambazo hufika Bukavu kwa muda wa nusu ya ule wa meli. Nilichagua meli kwa kuwa nilitaka kuona. Ziwa Kivu liko mita 1,460 hivi juu ya usawa wa bahari, na kina chake hukaribia mita 480. Huko chini limehifadhi gesi nyingi iliyoyeyuka, methani na kaboni dioksidi, kwa hiyo uzuri wake una hatari ndani yake, kama ilivyo kwa mlima unaolitazama. Wakati meli inatoka bandarini, wavuvi wa sambaza walikuwa wanarejea. Mitumbwi yao huenda mitatumitatu, imefungwa pamoja kwa miti mirefu, na nyavu huning'inia katikati. Sambaza tunawala Goma kila siku hadi tumesahau kwamba si wa hapa. Waliletwa kutoka Ziwa Tanganyika mwishoni mwa miaka ya 1950, wakapandwa humu kama mtu apandavyo mbegu.

Kulia kwetu milima ya Kalehe ilisimama wima, migomba imeshikilia mteremko mpaka juu. Kushoto kilinyooka kisiwa cha Idjwi, chenye urefu wa kilomita 40 hivi. Idjwi nayo imo katika historia ya sayansi ya ziwa hili. Wakazi wake wengi walikuwa wakiota rovu shingoni, na uchunguzi uliofanywa pale tangu miaka ya 1960 ulisaidia madaktari wa dunia nzima kuelewa jinsi muhogo usioandaliwa vizuri unavyozidisha madhara ya ukosefu wa iodini. Mama mmoja wa Idjwi aliyeketi karibu nami na vikapu vyake vya mananasi alisema bibi yake alikuwa na rovu, mama yake alikuwa na dogo, na yeye hana. Alijigusa koo akacheka kwa furaha. Nikaona kwamba utafiti, ukifanywa vizuri, hufika mpaka kooni kwa mtu.

Bukavu tuliifikia mchana. Mji huo ambao Wabelgiji waliuita Costermansville umejengwa juu ya rasi tano zinazoingia ziwani, na juu ya rasi hizo zimebaki nyumba za miaka ya 1930 hadi 1950 zenye pembe za mviringo na varanda pana. Nyingi zimezidiwa na watu na mvua, lakini bado zina haiba. Sikukaa sana. Kesho yake nilishika barabara ya kaskazini, ile inayopita Miti na Kavumu, kati ya migomba, mikaratusi na mashamba ya chai. Kavumu niliteremka, nikapanda pikipiki, na motari akakata kushoto kupanda kilimani. Tulipita kina mama waliobeba kuni kwa kamba ya kichwani na watoto waliotusalimia kwa lugha ya Mashi, "Asinge!", hadi barabara ilipoingia chini ya miti mirefu iliyopandwa kwa mstari. Hapo nikajua tumeingia bustanini kabla sijaona jengo.

Jengo lenyewe ni refu, lina varanda za matao na paa la vigae, na linatazama bonde linaloshuka hadi ziwani. Nyuma yake unainuka mlima Kahuzi na msitu wake. Mzee mmoja wa kituo, aliyefanya kazi hapo tangu ujana wake, alinipokea mlangoni. Akaniuliza natoka wapi. Nilipomwambia Goma, akanishika mkono kwa mikono miwili. "Karibu, mama. Watu wa Goma ni watu wetu. Mlima wenu tumeulea hapa."

Tukakaa kwenye ngazi za mbele, akanisimulia na mimi nikaunganisha na niliyoyasoma. Baada ya Vita vya Pili vya Dunia, Ubelgiji ilitaka kuionyesha dunia kwamba katika Kongo kuna sayansi pamoja na shaba na pamba. Mwaka 1947 ikaunda taasisi ya utafiti wa Afrika ya Kati, IRSAC, chini ya daktari Louis van den Berghe, na makao makuu yakawekwa hapa Lwiro. Michoro ikafanywa na Charles Van Nueten, mbunifu wa Kibelgiji, na katika miaka ya 1950 vilima hivi vikapata maabara, maktaba, nyumba za watafiti na bustani. Taasisi ilikuwa na matawi: Uvira kwa ajili ya Ziwa Tanganyika, Mabali karibu na Ziwa Tumba, Elisabethville ambayo leo ni Lubumbashi, na Astrida, yaani Butare ya Rwanda. Jan Vansina, mwanahistoria aliyewafundisha wanazuoni kuyapa masimulizi ya wazee heshima ya ushahidi, aliingia Kongo mwaka 1952 akiwa mtafiti wa IRSAC.

Lakini ardhi haikuwa tupu. Kivu ilikuwa imekwisha kuwekwa tangu 1928 mikononi mwa Kamati ya Taifa ya Kivu, iliyogawa mashamba kwa masetla huku Bashi, wenyeji wa vilima hivi, wakisukumwa pembeni au kugeuzwa vibarua kwenye ardhi ya babu zao. Mawe ya kasri hili yalibebwa na watu hao. Nilizunguka jengo lote nikitafuta kibao chenye majina yao, sikukiona. Nilimwambia mzee jambo hilo. Akaniambia baba yake alikuwa miongoni mwa waliosawazisha kilima kwa jembe. Kisha akasema ndiyo sababu anaiona nyumba hii kuwa yake.

Ndani kuna maktaba. Ni chumba cha kukufanya ushushe sauti bila kuambiwa: dari juu sana, meza nzito za mbao, rafu zilizopanda hadi unahitaji ngazi. Majarida ya kisayansi ya miaka hamsini na sitini iliyopita yamepangwa kwa mwaka, na unyevu umeanza kuyala pembeni. Chumba kingine kina mkusanyo wa mimea mikavu. Mzee alivuta droo, harufu ya dawa ya nondo ikatoka, akafungua karatasi moja. Ndani yake lilikuwapo tawi lenye majani matano na ua lililobadilika kuwa rangi ya chai, limeshikizwa kwa vipande vyembamba vya gundi. Pembeni, kwa hati ya mkono iliyonyooka, mtu alikuwa ameandika jina la mmea, mahali ulipochumwa, urefu kutoka usawa wa bahari na tarehe. Chini kabisa, kwa penseli, mwingine alikuwa ameongeza jina lake kwa Mashi na ugonjwa unaotibiwa nao. "Haya ya penseli ni ya wazee wetu waliokuwa wanawaongoza Wazungu msituni," akasema. Niliisoma ile mistari miwili mara kadhaa. Bila ya penseli, karatasi ile ingekuwa na nusu tu ya elimu yake.

Kisha tukaenda kwenye kile nilichokifuata. Tangu miaka ya 1950 Lwiro imekuwa na kituo cha kupima mitetemeko ya ardhi. Mzee alinieleza jinsi kazi ilivyokuwa kabla ya kompyuta, na aliieleza kwa mikono, kana kwamba mtambo uko mbele yake. Karatasi nyororo ilizungushwa kwenye pipa dogo, ikafukizwa juu ya utambi wa mafuta ya taa hadi ikawa nyeusi kwa masizi. Pipa likawekwa kwenye mtambo, likazunguka polepole usiku kucha, na sindano nyembamba ikakwaruza mstari mweupe juu ya weusi ule. Ardhi ikitulia, mstari hunyooka. Ardhi ikitikisika, mstari hucheza. Asubuhi karatasi ilichomolewa kwa ncha za vidole, ikachovywa kwenye vanishi ili masizi yasifutike, ikaanikwa, ikaandikwa tarehe. Pumzi moja ya kizembe ilitosha kuharibu kazi ya usiku mzima.

"Na mlijuaje kama ni Nyiragongo?" nikamwuliza.

Akatabasamu. Tetemeko lina mawimbi mawili, akasema. La kwanza hufika mbio, la pili huja nyuma yake, na pengo kati yao ndilo linalotaja umbali: kila sekunde moja ni kama kilomita nane. Nyiragongo iko kama kilomita 90 kutoka Lwiro, basi pengo la sekunde 11 hivi lilimfanya mtu akae wima kitini. Lakini pengo hutaja umbali, halitaji upande. Ili kujua ni mlima upi, huna budi kuwa na kituo cha pili na cha tatu, navyo vikae karibu na volkano. Kwa hesabu hiyo ndipo watafiti wa Lwiro, akiwemo Zana Ndontoni pamoja na Mjapani Hiroyuki Hamaguchi, walipoendelea kuchunguza volkano za Virunga katika miaka ya 1970 na 1980, na kwa hesabu hiyo ndipo Goma ilipohitaji kuwa na kituo chake. Januari 2002 OVG ilikuwa na vituo viwili tu vya mitetemeko vinavyofanya kazi, na bado mtafiti wake Dieudonné Wafula aliweza kuona mapema kwamba mlima unakaribia kupasuka, akaonya siku kadhaa kabla. Mwaka 2021 lava ilitukuta baada ya fedha za wafadhili kuisha na miezi kupita bila intaneti ya kuleta takwimu kutoka vituoni. Nilipounganisha miaka hiyo miwili nikiwa nimesimama katika chumba kile, nilielewa kwa nini nilikuwa nimelala barazani Sake.

Tulimalizia kwa bustani. Mbele ya jengo ardhi imekatwa kwa matuta mapana yenye nyasi, na njia za mawe zinashuka kati ya maua na vichaka vilivyokatwa kwa mkono. Sehemu nyingine zimetunzwa, nyingine zimeachiwa maharagwe na mahindi ya wafanyakazi, na sikuona ubaya wowote katika hilo. Watu hawa wamepitia miaka mirefu ya mishahara isiyofika au iliyofika ikiwa haitoshi sabuni. Mwaka 1994 mamia ya maelfu ya wakimbizi wa Rwanda waliingia Kivu, na kambi za Kashusha na INERA zikawekwa hapo chini, karibu na Kavumu. Miti iliyokuwa imepandwa na kutunzwa kwa miaka mingi katika ardhi ya utafiti wa kilimo iliishia kuwa kuni, na nani angemlaumu mama anayechemshia mtoto maji? Kisha zikaja vita vya 1996 na 1998. Katika miaka hiyo, mzee alisema, walikuwako wafanyakazi waliokuja kazini asubuhi, wakasoma kipimo cha mvua, wakaandika tarakimu daftarini, wakarudi nyumbani kujificha.

Upande wa juu, kelele za sokwe zilitufikia. Tangu 2002 Lwiro ina kituo cha kulea sokwe na nyani waliookolewa kutoka kwa wawindaji na wachuuzi, kwa ushirikiano wa CRSN, jina la sasa la taasisi, na ICCN inayosimamia hifadhi za taifa. Kina sokwe zaidi ya 100. Nilimwona kijana wa pale akimpa maziwa sokwe mdogo aliyefika na jeraha la kamba kiunoni. Alimshikia chupa kwa mkono mmoja, na mkono wa pili akauacha ushikwe na vidole vya mnyama. Msitu wa nyuma ni Hifadhi ya Kahuzi-Biega, iliyoanzishwa mwaka 1970 na kuingia katika urithi wa dunia wa UNESCO mwaka 1980. Wanyama hawa walitoka katika misitu kama hiyo.

Nikirudi Bukavu nilipitia Mulungu, kituo cha utafiti wa kilimo ambacho mizizi yake ni INEAC, shirika lililoundwa na Wabelgiji mwaka 1933. Bustani za hapa zilikuwa za kazi: kahawa, chai, maharagwe, na mkwinini. Mwaka 1942, Wajapani walipoiteka Java iliyokuwa ikitoa sehemu kubwa ya kwinini ya dunia, magome ya miti ya Kivu yaligeuka kuwa mali ya vita. Mpaka enzi zetu kiwanda cha Pharmakina mjini Bukavu kimekuwa kikitengeneza dawa kutokana na magome hayo. Nilishika gome moja, nikalilamba. Uchungu wake ni ule ule wa vidonge tulivyolazimishwa kumeza utotoni.

Safari hiyo niliifanya kabla ya Januari 2025, mwezi ambao waasi wa M23 waliichukua Goma. Februari wakaingia Kavumu, kisha Bukavu. Tangu hapo kila nikisikia jina la barabara ile katika taarifa ya habari, nafikiria droo za mimea, madaftari ya mvua na karatasi zenye masizi. Vitu hivyo haviwezi kukimbia. Jengo likipigwa laweza kujengwa upya. Daftari la mvua la mwaka 1957 likichomwa, mwaka ule umepotea. Naandika haya ili msomaji ajue kilichoko kule, na ili yeyote mwenye silaha, mwenye fedha au mwenye cheo ajue kwamba kuna watu tunaohesabu.

Kwa atakayeweza kwenda, barabara ikiwa salama: anza na ofisi ya kituo, omba ruhusa, lipa ada bila kunung'unika, na umpe aliyekutembeza muda wa kusimulia. Usiishie kupiga picha matao na maua. Omba kuona mkusanyo wa mimea, omba uelezwe habari za sindano na masizi.

Na mwalimu wa Goma anayewafundisha watoto habari za Nyiragongo aongeze somo la Lwiro. Wajue kwamba kuusikiliza mlima ni kazi ya watu, inayohitaji mshahara, karatasi, umeme na intaneti, na kwamba siku inapokatizwa, wa kwanza kuumia ni sisi tunaolala chini yake.